Kabla Jeneza Halijafungwa

Kwa desturi ya kanisa lile, mwinjilisti huzikwa na Biblia yake kifuani. Mzee wa kanisa Obedi alipoinama kuiweka ndani ya jeneza la Mwinjilisti Elifasi, mjane wake Dorika alimshika mkono.

"Usimzike nayo. Nani atamsomea huko?"

Obedi hakuelewa. Dorika akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Mume wangu hakujua kusoma. Kila Jumamosi nilimsomea mpaka akakariri, na Jumapili akaja kuwaambia ninyi."

Obedi akaifungua Biblia penye utepe mwekundu. Pembeni mwa ukurasa palikuwa pamechorwa kwa penseli taa, kondoo na jiwe, alama za mtu anayeogopa kupotea njia.

"Miaka thelathini, mama," alisema taratibu. "Tumebatizwa, tumeoa, tumezika wazazi wetu kwa maneno ya mtu huyu."

"Yalikuwa ya humo. Hakuongeza hata moja. Ukitaka, linganisha."

Obedi aliutazama uso wa marehemu kwa muda. Hakulinganisha. Aliirudisha Biblia mikononi mwa mjane.

"Mliishia wapi?"

"Hapo kwenye utepe."

Seremala alikuwa ameshainua mfuniko. Obedi akamwashiria asubiri. Dorika akavuta kigoda, akaketi upande wa sikio la kulia, lile lililokuwa likisikia vizuri, kisha akafunua ukurasa uliofuata. Pembeni mwake palikuwa peupe, pasi na alama hata moja.