Mkwe Hashindwi

Siku ya kumi na tisa ya vita, Oswald aliondoa mizinga yake yote darajani, akamwachia adui njia nyeupe hadi mji wake mkuu.

"Asipoingia hapo, basi tena," alisema Castory kinyozi, mashine ikinguruma juu ya kichwa cha mteja ambaye naye alikuwa amekunja shingo aione simu.

Saluni ya Castory pale Mwanga, Kigoma, ilikuwa imejaa, na aliyekuja kunyoa ni huyo mmoja tu. Waliobaki walikuja vitani. Gemu lenyewe ni la kwenye simu, la zamu: unasogeza majeshi yako, unamngoja mwenzako asogeze ya kwake. Oswald, fundi friji, alicheza zamu yake hapo kila siku saa ya chai. Adui yake alikuwa Mzee Leonardi wa Kasingirima, mstaafu wa jeshi, baba yake Jovita.

Hapo ndipo penye utamu. Mshenga alishapeleka barua ya posa. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua. "Mwambie kijana tumalizane kwanza vitani," alisema. "Barua nitaisoma vita vikiisha."

Na Mzee Leonardi watu wanamjua. Wachumba wawili wa Jovita alishawakalisha kwenye drafti. Wa kwanza alifungwa mara sita mfululizo, akasimangwa mpaka akaondoka bila viatu. Wa pili, inasemekana, hadi leo akienda Ujiji anapita barabara ya nyuma.

"Kwa hiyo nimpige?" Oswald aliuliza siku ile ya kwanza.

Saluni nzima ilimrukia.

"Umpige mkwe?" Castory alizima mashine kabisa. "Wewe umelelewa wapi? Mkwe ukikutana naye njiani unampisha, sembuse kuteka miji yake! Mkwe hashindwi."

"Basi nisalimu amri leo leo, yaishe."

"Ukisalimu leo atasema binti yake anaolewa na kuku. Shindwa, lakini ushindwe kiume. Pigana kidogo, toa jasho, ndipo akuchukue."

Wakapanga. Walichora ramani nyuma ya kalenda ya ukutani: askari wa miguu hapa, farasi kule, na hapa katikati pengo la heshima ambamo mzee angepita bila kuhisi kwamba amefunguliwa.

Tatizo, mzee hakupita.

Siku ya tano alitoa walinzi wote kwenye ngome yake ya mpakani. "Mtego huo," alisema Castory. Oswald akarudi nyuma.

Siku ya tisa alipeleka farasi wake wote mbali kaskazini, ufukweni, kama vile wameenda kuoga. "Anatuita tuingie, atuzunguke." Oswald akarudi nyuma tena.

Siku ya kumi na nne jenerali wa mzee alionekana peke yake katikati ya uwanja, bila hata mpishi.

"Jeshini huko wanasomea mambo," mteja mmoja alinong'ona. "Huyo mzee ni hatari."

Kufikia hapo, kati ya majeshi mawili palikuwa na nchi nzima tupu, ungeweza kulima muhogo ukavuna.

Dada Frida, muuza dagaa wa mlangoni, aliingiza kichwa. "Mie gemu silijui. Ila vita gani hivi, kila mtu anarudi nyuma?"

"Dada Frida, uza dagaa," Castory alimjibu.

Sasa daraja nalo lilikuwa wazi, na siku ya ishirini jibu la mzee likafika. Badala ya kuvuka, alikuwa amehamisha jeshi lake lote nyuma ya milima.

Kabla hawajamaliza kuguna, ujumbe wa Jovita uliingia. Castory aliusoma kwa sauti, maana siri hapo hazina mahali pa kukaa: "Oswald, kesho mshenga anaenda Kasulu kulima, harudi mpaka mavuno. Barua bado iko juu ya kabati. Hivi mnapigana au mnapeana pole?"

Oswald alijifuta jasho. Mpaka mavuno! Hadi hapo si mchumba mwingine angekuwa ameshatokea?

"Nasalimu amri," alisema. "Aniite kuku. Kuku pia wanaoa."

Alibonyeza. Mtandao ukazunguka, ukazunguka. Kisha simu ikapiga tarumbeta, na watu wote wakainama pamoja wasome.

Mzee alikuwa amesalimu amri dakika mbili kabla yake. Mshindi: Oswald.

"Mungu wangu," alisema Castory. "Umempiga mkwe."

Mteja aliyekuwa akinyolewa alisimama na nusu ya nywele zake. Mmoja alikumbuka ana safari ya Mwandiga, akatoka. Oswald alikaa chini, kichwa mikononi. Dada Frida alimletea maji, akamwambia kwa huruma kwamba mabinti wazuri hawajaisha Kigoma.

Simu ikalia tena. Ni Jovita, amerekodi sauti. Oswald alikataa kuisikiliza, Castory akampokonya simu na kuongeza sauti hadi mwisho.

Jovita mwenyewe alikuwa ameishikilia simu tu karibu na sebule, naye mama yake alikuwa akifoka:

"Nilikuambia ushindwe, Baba Jovita, sikukuambia uhamie huko vitani! Siku ishirini nzima!"

"Ningefanyaje, mama?" mzee alilalamika. "Kila nikimfungulia mlango, kijana anakimbia!"