Wanga na Poda

Panga la kwanza lilipasua meza. Wakala wa poda aliruka nyuma, makopo yakaporomoka kutoka rafuni, na Mama Wanga akalichomoa panga lake kwenye mbao kwa mikono miwili.

"Mama, nisikilize kwanza!"

"Nikusikilize? Moto wako ulinisikiliza mimi?"

Ghala lake lilikuwa limelipuka jana mchana. Kishindo kimoja, kisha moto. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akisaga muhogo na kuuza wanga wake kwenye kiwanda cha karatasi, maana karatasi isiyotiwa wanga huchanika kama utando wa buibui. Watu walimtania: wanga wengine huroga watu, huyu anaroga karatasi. Naye alicheka, kwani biashara ilikuwa imenona. Shule zilitaka madaftari, maduka yalitaka maboksi, na kiwanda kilikuwa kimeongeza mashine ya pili.

Penye urembo ndipo penye urimbo. Huyu wakala akaja na poda ya kutoka ng'ambo, kijiko chake kimoja kikifanya kazi ya bakuli zima la wanga. Ijumaa hii kiwanda kingemchagua mmoja wao.

Na sasa mumewe alikuwa hospitali, hajafumbua macho tangu alipookotwa mtaroni upande wa pili wa barabara, mweupe wa wanga kuanzia utosini hadi kwenye kucha. Kishindo kilimrusha, watu walisema. Lakini mlinzi wa ghala la jirani alikuwa na lake la kusema.

"Wakala nilimwona kwa macho yangu haya mawili, shangazi. Katoka kwenye moshi mbio, gunia la wanga begani. Achome, halafu aibe!"

Mama Wanga hakulala. Kulipokucha alilinoa panga.

Sasa alikuwa amembana wakala kwenye kona, baina ya ukuta na mapipa. Ndipo alipoiona mikono yake. Ilikuwa imefungwa bandeji hadi viwikoni.

"Mikono imekuwaje?"

"Imeungua." Wakala alikuwa akihema. "Imeungua ghalani kwako, sikatai. Lakini mume wako..."

"Usimtaje mume wangu kwa kinywa hicho!"

Panga la pili lilimpata begani. Alianguka juu ya mifuko, mmoja ukapasuka, poda ikatimka kama vumbi la njia. Aliinua mikono kujikinga, na bandeji zikakatika, zikalowa. Alijaribu kusema tena. Mama Wanga hakutaka kusikia. Alikuwa akilia kwa sauti, akipiga bila kutazama, kama mtu anayefyeka kichaka. La shingoni ndilo lililomnyamazisha. Miguu ya wakala ilipiga sakafu mara mbili tatu, kisha ikatulia.

Mama Wanga aliketi pale pale chini. Alikuwa amedhani moyo ungepoa. Haukupoa. Poda ilikuwa ikimshukia taratibu kichwani na mabegani, na pale ilipogusa damu iligeuka uji mzito wa rangi ya waridi. Aliufuta kwa kiganja, akajipaka zaidi.

Nje palisikika viatu vinakimbia. Mtu akagonga mlango, na Mama Wanga akaitambua sauti kabla haijamaliza neno la kwanza: wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa amemwacha akimwuguza mgonjwa.

"Hodi! Wakala, hodi humu ndani! Fungua basi, baba, leo ni siku ya furaha!" Wifi alikuwa akicheka na kutweta kwa pamoja. "Kaka yangu amezinduka, anakuita. Ametwambia yote: sigara yake mwenyewe ndiyo iliyolipua vumbi la wanga, na ni wewe uliyembeba begani ukamtoa kwenye moto!"