Kona ya Kigae

Siwema alibandua kona ya mojawapo ya karatasi za vigae vya kunata alizobandika ukutani nyuma ya jiko, kujaribu tu. Muuzaji alimwambia inatoka bila kuacha alama, na kwenye kioo cha dirisha ilitoka hivyo. Lakini ukuta huu ulipakwa chokaa. Kipande cha chokaa cha ukubwa wa kiganja kilitoka pamoja na gundi, na nyuma yake ukaonekana udongo mtupu. Aliirudisha kona mahali pake, akaikandamiza kwa dole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe.

"Hodi humu!"

Bi Zuwena, mwenye nyumba, alikuwa ameshavua viatu. Ndiye aliyemfukuza mpangaji aliyetangulia kwa sababu ya msumari mmoja ukutani.

"Karibu, Bi Zuwena. Shikamoo."

"Marahaba. Eh, jikoni kumekuwa kama hotelini! Na ulisema vinatoka bila kuchubua ukuta?"

"Vinatoka."

"Vyote?"

"Vyote. Nikumiminie chai?"

"Chai baadaye. Bandua kimoja nione. Maneno ya wapangaji nimeyazoea."

Siwema alinyoosha mkono kwenye karatasi iliyokuwa mbali kabisa na ile kona. Kucha haikushika.

"Unahangaika nini, mwanangu? Mbona hapa pameanza kubanduka penyewe."

Bi Zuwena aliinama juu ya jiko, akaishika ile kona kwa vidole viwili. Kabla hajavuta, vumbi jeupe lilianza kushuka taratibu juu ya mfuniko wa birika.