Kioo Kilichonyamaza

Wanjira aligeuza sumaku tena. Mstari kwenye kompyuta ulibaki umelala palepale, bapa kama chapati.

"Niaje, yako imetoa kitu?" Varun, mwanafunzi mwenzake, aliuliza mlangoni.

"Hakuna. Zero."

"Yangu ilitoa wimbi jana, mara moja tu. Na si zinafanana?"

Vilifanana kweli: vipande viwili vya kioo vilivyopakwa metali nyembamba, vikimeta sawasawa. Profesa Indravadan alimpa kila mmoja chake bila kusema amepaka nini. Ndiyo kawaida yake. "Ukijua unatafuta nini," hupenda kusema, "utaiona hata kama haiko."

Miaka yote mzee huyo ameshikilia jambo moja: leza ikipiga nikeli, mizunguko ya elektroni ndani ya atomi huzaa mkondo wa umeme, na mkondo huo hutoa wimbi la teraherzi, lisiloonekana kwa macho. Leo jioni kamati ya chuo ingemsikiliza. Bila ushahidi, maabara ingefungwa, na Wanjira angerudi kwao Riruta mikono mitupu, masomo yameishia hapo.

Alisafisha lenzi. Akapanga leza upya, akapiga. Kimya. Aliomba Mungu, akamlaani shetani, akalia kwa hasira. Kioo gani hiki cha kumtesa mtu hivi?

Mfa maji haachi kutapatapa. Varun alipotoka kwenda kula, Wanjira alifungua wimbi la Varun la jana kwenye kompyuta, akalinakili, akalipunguza kimo, akalikwaruza huku na huku ili lisifanane na la mwenzake. Halafu akalichapisha, akampelekea Profesa nyumbani kwake Parklands, alikokuwa akiugua.

Mzee alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni ya kioo yako? Una hakika?"

"Ndiyo, Prof. Nikageuza sumaku, na wimbi ikapinduka."

Hakuuliza tena. Hajawahi kulitilia shaka neno la Wanjira. Alichukua simu, akaiambia kamati isijisumbue kukutana.

"Kwa nini, Prof? Si wimbi tumepata?"

Mzee alivua miwani, machozi yakimlengalenga.

"Nimekosea miaka hii yote, mwanangu. Kioo yako sikupaka nikeli, ni ya Varun tu. Ingenyamaza, tungekuwa tumeshinda."