Uzi Mwekundu

Mpelelezi Glafira alipiga magoti jikoni kwa marehemu, ghorofa ya saba mjini Perm, Urusi, akaweka maziwa nyuma ya jiko kumwita mzimu wa nyumba. Mzimu akatoka, kizee mdogo kama paka, mwenye manyoya hadi viganjani.

"Babu, nani alimsukuma binti huyu dirishani?"

"Usiniulize, mwanangu."

"Sema tu, babu."

Kizee akafumbua kiganja. Kilikuwemo kifungo cha koti, chenye uzi mwekundu ukining'inia. Jumapili, uzi mweusi ulipomwishia, Glafira alikishona mwenyewe kwenye koti la mumewe.

"Umepata chochote, bosi?" askari aliuliza kutoka mlangoni.

Glafira alikifumbata kifungo mpaka kikamuuma.

"Hamna kitu," akasema. "Andika alijirusha mwenyewe."