Sinia ya Kwanza

Sinia zote zilikuwa zimekwenda ukumbini, na hakuna hata moja iliyorudi.

Sitti aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu imemvimba, macho kwenye mlango wa jiko la uani. Kwao Wakomoro, mpishi wa karamu haondoki jikoni mpaka sinia ya kwanza irudi imeliwa. Na sinia hailiwi mpaka mgeni wa heshima anawishwe mikono, ale tonge la kwanza. Ofisi hii ya wakala wa meli, hapa Mahajanga, Madagaska, ilikuwa na watu wa kila kabila, lakini adabu hiyo wote waliijua.

Shida ni kwamba meli ya kwenda kisiwa cha Nosy Be ilikuwa inang'oa nanga leo alasiri, na nyingine haijulikani lini. Kule kisiwani, kijijini Marodoka, binti yake Hasnati alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka. Kila aliyetoka huko alileta salamu ileile: mama aje, nisijifungue na wageni. Furushi la Sitti lilikuwa tayari nyuma ya mlango: vitambaa vya mtoto, mafuta ya nazi, sabuni.

Ruhusa aliiomba mapema. Bwana Houssen, mkuu wa ofisi, alimjibu kwa upole usio wake.

"Utakwenda, Mama Sitti. Ila baada ya karamu. Bila wewe karamu haipo."

Ndiyo, nani angepika? Kweli walishamkodi mpishi kutoka mtaa wa Mahabibo, lakini asubuhi mama huyo akatuma neno kwamba tumbo linamwendesha. Chamsia, mpiga taipu, akaja jikoni ameinamisha uso, karibu kulia. "Koko, tunaona haya," akasema kwa Kimalagasi, "lakini hatuna mwingine." Ofisi nzima ilimwita Koko, yaani bibi.

Leo ndiyo mnaona haya, Sitti alijisemea kwa Kikomoro chake. Miaka yote nafagia, napiga deki choo, nawachemshia manahodha chai, haya mlikuwa mmeziweka wapi? Akajifunga leso kiunoni, akachagua mchele. Mwaka ule mchele ulikuwa wa kupangiwa foleni tangu alfajiri, na hapa yalikuwa magunia. Huyo mgeni lazima awe mtu mzito.

Lakini nani? Fazul, bawabu, ambaye hafichi hata ugomvi wake na mkewe, safari hii alikuwa amefunga mdomo. Uani wengine walisema ni waziri. Wengine walisema ni Houssen mwenyewe, anahamishiwa Antananarivo, hii ni ya kumuaga. Sitti aliamini hili la pili. Tangu yeye mwenyewe augue homa mwezi uliopita, alikuwa akimwona Houssen hayuko sawa.

Siku alizolala yeye na homa, choo cha ofisi kilifungwa kufuli kwa uvundo. Panya walitoboa magunia ya watu. Manahodha walikuta benchi lina vumbi na chai hakuna, wakahamia kwa wakala wa jirani, wao na mizigo yao. Aliporudi, Houssen alimkuta amepiga magoti anasugua sakafu. Akasimama, akamtazama weee.

"Hivi ulianza lini kazi hapa, Mama?"

"Kabla yako, mwanangu."

Akaenda zake. Ni mtu anayehama huyo, Sitti alijiambia. Au anayetaka kufukuza mtu.

Fazul akachungulia mlangoni. Alikuwa amenyoa, kofia mpya kichwani.

"Koko, acha hizo sufuria. Njoo ukumbini."

"Nije kufanya nini? Wameshakula?"

"Bado."

"Mgeni hajafika?"

Fazul akatazama dari. "Amefika. Yupo tangu asubuhi. Anakataa kukaa."

"Loo! Madeko ya wakubwa hayo! Watu wana njaa, wali unapoa, yeye anajivuta tu. Mwambie hana adabu."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo! Mwambie mimi, Sitti wa jikoni, ndiye niliyesema."

Fazul akaondoka mabega yakimtikisika. Punde akaja Chamsia, akamshika mkono.

"Twende, Koko, japo kidogo tu."

"Sinia irudi kwanza, mwanangu. Ikirudi naosha, nachukua furushi langu, nakimbilia bandarini. Usinicheleweshe."

Chamsia akamwachia mkono, akarudi ukumbini.

Ndipo honi ya meli ikalia. Mara moja, kisha tena, ndefu.

Sitti alisimama dirishani. Juu ya mapaa ya maghala aliuona mlingoti ukisogea taratibu, ukigeukia nje. Alitaka kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu. Akafungua leso kiunoni na, kwa mara ya kwanza maishani, akatoka jikoni kabla sinia haijarudi. Angalau amwone kwa macho yake huyo mtu.

Ukumbini wali ulikuwa umeganda. Wafanyakazi wote walikaa mkekani, mikono mapajani, na manahodha wale waliohama walikuwapo pia. Houssen alikuwa akipunga nzi kwa kofia yake. Mbele kabisa, penye mkeka mpya, kulikuwa na mto wa hariri ambao haujakaliwa na mtu.

"Yuko wapi?" Sitti aliuliza. "Meli imeniacha kwa ajili yake. Yuko wapi nimwone?"

Wote wakasimama. Houssen akachukua birika na beseni, akaja mpaka alipokuwa, akapiga goti, akaanza kummiminia maji mikononi.