Upatu wa Maumivu

"Mama, umeshika tena sufuria bila kitambaa," alisema binti yangu Zawena, akipuliza kiganja chake kisicho na jeraha. Kilichoungua kilikuwa changu.

"Sikusikia kitu."

"Utasikiaje? Nasikia mimi."

Mtaani kwetu maumivu ya baridi yabisi huzungushwa kama upatu, na kijumbe ndiye hupanga zamu. Mgonjwa huvaa bangili moja, mwenye zamu huvaa ya pili, na maumivu yote ya mikono humhamia. Wiki hii zamu ni ya Zawena. Vidole vyangu vimevimba kama tangawizi, lakini navitazama kama vya mtu mwingine.

Mwanawe alilia njaa. Zawena alimnyanyua, vidole vikamchoma, akamwachia. Mtoto aliangukia mkekani.

"Lete mkono nikuvue hiyo bangili."

"Kijumbe atasema umewadharau majirani."

"Kijumbe hanyonyeshi."

Nilimvua yake, nikavua yangu. Maumivu yalirudi vidoleni, kisha kiganjani. Zawena alimpakata mtoto.

Nilizifunga bangili kwenye ncha ya kanga, nikampelekea kijumbe. Mikono iliniwaka njia nzima. Majirani waliniona, na hakuna aliyenipa pole. Tangu tuanze kupokezana, neno hilo halisemwi tena.